Kalamu imeinuliwa kwa wote wawili: Mtoto anapobebeshwa malezi ya mzazi mgonjwa

 

Ndugu msomaji, kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya kalamu. Imo katika Sunan ya Abu Daud na vitabu vinginevyo, na maana yake ni kwamba watu wa aina tatu hawaandikiwi: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Juu ya hadithi hii wanachuoni wamejenga masharti mawili makubwa ya taklifu, yaani baleghe na akili. Sisi walimu wa Maarifa ya Uislamu huifundisha haraka haraka. Tunaiandika ubaoni, wanafunzi wanaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunahamia kwenye nguzo za udhu.

Leo ningependa tusihame upesi. Hebu ichukue nyumba moja. Ndani yake yumo mama aliyepotewa na akili na mtoto wake wa miaka kumi na moja. Baba ama amefariki ama ameoa kwingine na habari zake hazisikiki. Asubuhi mtoto ndiye anayewasha moto, ndiye anayeficha kisu na kiberiti, ndiye anayembembeleza mama ameze vidonge, ndiye anayemfuata barabarani akitoka bila nguo ya maana mwilini. Kwa mujibu wa hadithi ile, katika nyumba hiyo hakuna hata mtu mmoja anayeandikiwa na kalamu. Imeinuliwa kwa mama na imeinuliwa kwa mtoto. Pamoja na hayo, kazi ambazo sheria imewawajibisha watu wazima zinafanyika humo kila siku, na anayezifanya ni huyo mdogo. Sasa tujiulize, katika jambo hili kalamu inamwandikia nani? Inawaandikia wajomba, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, majirani wa ukuta kwa ukuta na sisi tunaosali msikiti ulio hatua mia moja kutoka mlango ule.

Kilichonisukuma kuandika ni safari ya Lutindi. Wengi wa wasomaji walioko mijini wanalijua jina hilo kwa mzaha tu: mtu akifanya kioja mkoani Tanga huambiwa apelekwe Lutindi, kama vile watu wa bara wanavyosema Mirembe na Wazanzibari wanavyosema Kidongo Chekundu. Lutindi ni mahali halisi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Mombo, bondeni kumejaa mkonge, na ukitazama juu unaona ukungu umekaa juu ya misitu. Huko juu ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1896 Waprotestanti wa Kijerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 pakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika nchi hizi zilizokuwa chini ya Wajerumani. Mpaka leo inaendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Wagonjwa hutibiwa kwa dawa, na pia hushiriki kazi za mikono za shamba na karakana, kwani mtu aliyeugua akili akirudishiwa jembe hurudishiwa na sehemu ya heshima yake.

Nilipanda huko kumsindikiza jamaa mmoja aliyekuwa akimpeleka dada yake. Waliofika siku hiyo na wagonjwa wao walitoka Korogwe, Handeni, Muheza na kwingineko, na ukisikiliza majina yao ungedhani uko kwenye Maulidi. Akina Mwanahawa, akina Rajabu, akina Zaina. Kilichonigusa zaidi kilikuwa kijana mdogo aliyevaa sare ya shule ya msingi siku ya Jumatano, saa za masomo, akiwa ameshika karatasi za hospitali za bibi mmoja mnene aliyekuwa akizungumza peke yake. Nilimsikia akieleza bila kusitasita: mama alilala saa ngapi, amekataa dawa tangu lini, alimrushia nani jiwe. Alieleza kama mhasibu anayesoma daftari. Aliyekuja naye mtu mzima alikuwa dereva wa bodaboda, naye alikuwa nje akisubiri nauli yake.

Tuwe waadilifu. Kijana yule hakuwa akilia wala kulalamika, na mama yake alikuwa safi. Watafiti waliofuatilia jambo hili wamekuta hali kama hiyo. Mwaka 2009 Ruth Evans na Saul Becker walichapisha kitabu kuhusu watoto wanaowauguza wazazi wenye virusi vya UKIMWI nchini Tanzania na Uingereza. Walikuta watoto wanaopika, wanaofua, wanaowaogesha wazazi, wanaotafuta fedha, wavulana kwa wasichana. Waliona uchovu na kuchelewa shule, lakini waliona pia mapenzi, ukomavu na fahari ya mtoto anayejua kwamba mzazi wake anaishi kwa mikono yake. Sitaki kuifuta fahari hiyo. Swali langu ni kwa wale walio pembeni wanaoitumia kama mto wa kulalia.

Ni nani anayesemwa na aya ya wema kwa wazazi?

Kila ninapolieleza suala hili mbele ya Waislamu wenzangu, jawabu la kwanza huwa lile lile: "Ustaadh, si ni mama yake? Pepo yake iko hapo." Kisha husomwa Surat Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, ambamo Allah (S.W.T) ameamrisha wema kwa wazazi, akakataza hata kuguna mbele yao wanapozeeka, na akatufundisha kuwaombea rehema kwa vile walivyotulea tukiwa wadogo.

Aya ni haki. Tatizo ni tunayemsomea. Tuangalie dua yenyewe iliyomo humo: anayeomba anakumbuka udogo wake, yaani alikuwa mdogo akalelewa, na sasa amekua naye analea. Mpangilio ni huo, kulelewa kwanza na kulea baadaye. Ukimsomea aya hii mtoto wa miaka kumi na moja umemdai deni kabla hajapewa mkopo. Na katika nyumba ile ile pana kaka wa mama mwenye miaka arobaini, mwenye duka Mombo na pikipiki mbili, ambaye hakusomewa aya yoyote juu ya kuunga udugu.

Fiqh inasemaje? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu pwani na Usambara tunayafuata, ulezi wa mtoto mdogo, yaani hadhana, una masharti yake, na sharti mojawapo ni akili ya mlezi. Mama akipatwa na wazimu, hadhana humtoka na kuhamia kwa anayefuata katika jamaa, akianza mama wa mama. Fuqahaa hawakuacha pengo hata siku moja. Hakuna kitabu kinachosema kwamba mama akiugua basi mtoto ajilee na amlee na mama. Vilevile mwenye wazimu anahitaji walii wa kusimamia nafsi yake na mali yake: baba, kisha babu, kisha kadhi au anayesimama mahali pake. Na walii mwenyewe sharti awe mukallaf. Kwa hiyo mtoto wetu anafanya kazi mbili ambazo sheria haikumruhusu kuzishika hata kama angeziomba!

Msomaji makini atauliza kuhusu nafaka, yaani matumizi ya mzazi fukara. Ni kweli kwamba ikiwa mtoto mdogo ana mali, kwa mfano mirathi ya baba yake, walii wake anaweza kulazimika kumtolea mzazi asiyejiweza kutoka humo. Hayo ni masuala ya mali, nayo hutolewa na walii. Hakuna anayechukua kutoka humo dalili ya kumkatisha mtoto usingizi wake, masomo yake na utoto wake.

Sheria za dunia nazo haziko mbali na hapa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, kifungu cha 31, unamtambua mtoto kuwa na wajibu wa kuwaheshimu na kuwasaidia wazazi, lakini umeweka mpaka wa umri na uwezo wake. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kwanza la kuangaliwa. Nchini Uingereza sheria za mwaka 2014 zimezilazimisha halmashauri kuitathmini hali ya mtoto anayeuguza, ili ajulikane anahitaji msaada gani, kwani sensa ya 2011 ilikuwa imeonyesha watoto wapatao 166,000 wa miaka 5 hadi 17 katika England peke yake wanaofanya kazi hiyo. Wao walihesabu. Sisi tuna mabalozi wa nyumba kumi, tuna maimamu, tuna walimu wa madrasa wanaojua kila mtoto anatoka mlango gani, na hatuhesabu.

Swali aliloniuliza mwanafunzi

Mwaka mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili alibaki darasani baada ya kipindi. Alingoja wenzake watoke. Akaniuliza: "Ustaadh, mtu ambaye hasali kwa sababu anaumwa kichwa, ataingia motoni?" Nikamuuliza anaumwa vipi. Akasema, "Anaongea na watu ambao hawapo." Sikumuuliza ni nani. Nilimweleza hadithi ya kalamu, na kwamba kwa Mashafii aliyerukwa na akili bila kujitakia halazimiki hata kuzilipa swala zilizompita katika hali hiyo. Akakaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo nisimlazimishe kusimama?"

Kumbe kila alfajiri alikuwa akihangaika kumsimamisha mtu mzima kwa nguvu ili amwokoe na moto. Hapakuwa na mtu aliyemwambia mtoto yule lolote kuhusu ugonjwa wala kuhusu hukumu yake. Mganga alisema ni majini ya ukoo. Majirani walisema ni laana. Sheikh wa mtaa alisoma kisomo, akapewa kuku, akaondoka. Nasema hivi nami naamini ruqya ya Qur'an na dua, lakini Mtume (S.A.W) aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa, na akatufahamisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake isipokuwa uzee. Anayemkataza mgonjwa sindano ya kila mwezi kwa hoja ya tawakkul, mzigo wa usiku unaofuata haumwangukii yeye. Unamwangukia mtoto.

Na kifafa nacho kimo humu humu, kwa sababu watu wetu hukichanganya na wazimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Louise Jilek-Aall alifika Mahenge, mkoani Morogoro, akakuta wenye kifafa wakitengwa kwa kuogopwa kuwa povu lao huambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa sababu walipoanguka jikoni watu walikimbia badala ya kuwavuta. Alianzisha kliniki pale na dawa zikawasaidia wengi. Povu haliambukizi. Mtoto anayeishi na mwenye kifafa afundishwe mambo haya: amsogeze mbali na moto na maji, amlaze ubavu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimbane mikono, na degedege likizidi dakika tano aite watu wazima wampeleke hospitali. Dawa nazo zisikatishwe ghafla, kwani kuzikatisha ghafla huleta degedege baya zaidi. Dakika kumi za darasa la madrasa zinatosha kuyasema haya. Na zikibaki dakika nyingine, wasimulie kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim cha yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W) kumwomba dua, akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, ila akaomba asiwe anafunuka mwili anapoanguka, naye akaombewa hilo. Yule hakuwa na laana, alikuwa mtu wa Peponi, na alichokiwazia zaidi ni sitara yake.

Hapo penye sitara ndipo pazito, nami nitasema waziwazi kwa kuwa magazeti yetu hupaonea haya. Katika nyumba hizi kuna mvulana wa miaka kumi na tatu anayemtawaza na kumwogesha mama yake. Kuna binti anayembadilisha nguo baba yake aliyepooza. Wanachuoni wameruhusu dharura, na mtoto yule hana dhambi. Lakini kanuni yao inasema dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwanamke mgonjwa ahudumiwe na mwanamke madhali yupo, na mwanamume kwa mwanamume. Je, mtaa mzima hauna wanawake? Wanawake wale wale wanaojitokeza kumi kwa pamoja kumwosha maiti wa kike, kwa mpangilio mzuri na ubani na sanda, wanashindwa nini kupeana zamu ya siku moja moja kumwosha aliye hai? Naomba dada zetu wa vikundi vya maiti walifikirie hili, kwani ujuzi wanao tayari.

Turudi Lutindi kidogo. Nikiteremka mlima nilijiuliza mbona katika karne nzima na zaidi sisi tulioujaza mkoa ule kwa misikiti hatujajenga kitu mfano wa kile. Si kwamba dini yetu haina mfano. Mwaka 1154 Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus. Mwaka 1284 Sultan Qalawun alijenga nyingine Cairo, ikaendeshwa kwa mapato ya wakfu. Mwaka 1354 ikajengwa ya Arghun huko Aleppo, ambayo wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu zao humo, zenye ua na maji. Karne nne kabla ya hapo Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kuandika juu ya maradhi ya nafsi na jinsi ya kuyatibu. Sisi wakfu zetu ni fremu za maduka zinazolipa umeme wa msikiti na zulia jipya kila Ramadhani. Sisemi haya kuwakejeli Wakristo wala kuwasifu kupita kiasi. Wamefanya kazi yao, na mama zetu wanalala kwenye vitanda vyao.

Hospitali peke yake hata hivyo haimalizi jambo. Mgonjwa hupata nafuu akarudishwa nyumbani Handeni au Mashewa, na nyumbani ndiko alikomwacha mtoto. Ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, hivyo kinachomkosesha mtoto huyu shule mara nyingi ni muda kuliko fedha. Hawezi kuondoka mpaka mama apate usingizi. Akifika darasani saa tatu, anakutana na fimbo ya kuchelewa. Jioni akikosa madrasa, anakutana na nyingine. Nimewaona walimu wenzangu wakichapa bila kuuliza. Wangekumbuka walichosoma wenyewe chuoni! Fuqahaa wametaja kumuuguza mgonjwa asiye na mwingine kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Katika Bukhari imo habari ya Ibn Umar (R.A) aliyeiacha Ijumaa akamwendea Said bin Zayd alipoambiwa ni mgonjwa. Mtu mzima amesamehewa faradhi ya Ijumaa, halafu mtoto asiye na faradhi yoyote achapwe kwa kuikosa juzuu amma?

Mwalimu aweke safu moja ya ziada kwenye daftari la mahudhurio, aandike humo nani yuko nyumbani na mgonjwa. Zikipatikana nyumba tatu au nne katika mtaa, imamu awaite watu wazima wa ukoo wa kila nyumba kwa majina, si kwa tangazo la jumla baada ya swala, maana tangazo la jumla kila mtu hudhani linamhusu mwenzake. Waulizwe: tarehe ya kliniki anakwenda nani? Usiku analala nani? Dawa zinakaa kwa nani? Ukoo ukishindwa kabisa, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezipa serikali za mitaa jukumu juu ya watu hawa. Tusione haya kumwendea.

Limebaki suala la zaka, ambalo nimeulizwa mara kadhaa. Nyumba ya namna hii bila shaka imo katika mafukara na masikini, nayo ina haki. Lakini kwa Mashafii, zaka ya mtoto na ya mwenye wazimu hukabidhiwa walii wao, hawawezi kuipokea wenyewe kwa sharti la kuimiliki. Kwa hiyo yule anayempa mtoto noti ya elfu tano mlangoni na kuondoka, kama aliinuia kuwa zaka, alitafute tena deni lake. Kwanza apatikane walii, mtu mzima mwenye akili na uaminifu, ajulikane kwa jina mbele ya imamu na mashahidi, apokee kwa niaba yao na awe na daftari. Asipopatikana katika ukoo, sheikh wa kata amteue. Nikiwaeleza hivi wenye mali, baadhi yao husema kumbe ni kazi ndefu. Ndiyo, na mpaka sasa inafanywa na mwanafunzi wa darasa la tano.